Ziwa halihongwi: somo la mashua nyepesi za miili miwili kwa Kivu na Tanganyika

Mtu anayechora katamarani nyepesi, ile mashua ya miili miwili iliyounganishwa kwa miti ao kwa sakafu katikati, huanza kazi yake kwa swali moja: itabeba kilo ngapi? Rangi, ukubwa wa motere na hesabu ya viti vitafuata baadaye. Kwanza anaandika kwenye karatasi uzito wa kila kitu: mbao, gundi, misumari, kamba, nanga, mafuta, maji ya kunywa, chakula, na watu wenyewe. Jumla ikipita kiasi alichopanga, anafuta mchoro na kuanza upya.

Kwenye bandari ndogo za ziwa Kivu na ziwa Tanganyika swali hilo mara nyingi huulizwa wakati mashua imekwisha kuinama. Ndiyo sababu ufundi huo, ambao wengi wanaudhani ni mambo ya matajiri wa Ulaya wanaotembea baharini, unawahusu sana wakaaji wa Goma, Minova, Kalehe, Bukavu, Uvira na Kalemie. Ndani yake kuna jibu la sehemu moja ya msiba unaorudi kila mwaka. Ndani yake pia kuna onyo kwa wale wanaofikiri kwamba kununua mashua mpya kutatosha.

Ajali zinazojulikana

Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, mjini Goma. Picha za video zilizozunguka kwenye simu siku ile zilionyesha ikiinama upande mmoja, watu wakiwa wamejaa juu, kisha ikilala na kuzama. Gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba ndani yake walikuwemo watu 278 na kwamba 78 walifariki. Hesabu za vifo zilitofautiana kufuatana na aliyezitoa, lakini hakuna aliyebisha kwamba mashua ilikuwa imejaa kupita uwezo wake.

Miaka mitano mbele ya hapo, katikati ya Aprili 2019, mashua nyingine ilizama katika ziwa hilo hilo upande wa Kalehe. Rais Félix Tshisekedi alizungumzia watu 150 waliopotea. Kisha ajali ile yakaja maagizo juu ya jile za kuokoa maisha. Jile ni jambo la lazima, na kila msafiri anapaswa kuidai. Lakini jile inamsaidia mtu aliyekwisha kuanguka majini. Haizuie mashua kupinduka.

Sababu za watu kujaa ndani ya mashua zinajulikana. Mwaka 2024 barabara ya Goma na Minova ilikuwa imekatwa na vita kandokando ya Sake. Mihogo, ndizi, maharagwe, makala na watu, vyote vikahamia ziwani. Mama mwenye biashara hakuwa na njia ya pili. Mwenye mashua naye aliona kila mfuko unaoongezwa kama feza inayoongezwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: kwa asiyeubeba, unaonekana mwepesi. Mashua ndiyo iliyoubeba, na mashua haiwezi kusema imechoka.

Kazi ya watu wa kawaida

Neno katamarani lilitoka lugha ya Kitamil, kusini mwa India, na maana yake ni miti iliyofungwa pamoja. Mashua za miili miwili zinazosafiri mbali zilitengenezwa na watu wa visiwa vya Polinezia, katika bahari ya Pasifiki, karne nyingi mbele ya Wazungu kufika kwao. Mwaka 1976 mashua ya namna hiyo, Hōkūleʻa, iliyojengwa kwa kufuata umbo la zamani, ilitoka Hawaii mpaka Tahiti, safari ya zaidi ya kilomita 4.000. Aliyeiongoza, Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, alifuata nyota, upepo na mawimbi, bila chombo chochote cha kupima njia. Safari ile ilikata ubishi wa watu waliosema kwamba wazee wa visiwa hivyo walifika huko kwa bahati tu, wakisukumwa na upepo.

Miaka 100 kamili mbele ya safari ile, mwaka 1876, Mmarekani Nathanael Herreshoff alileta katamarani yake Amaryllis kwenye mashindano ya New York. Iliziacha mashua za kawaida nyuma sana hata wenye mashindano wakaamua kwamba mashua za namna hiyo zisishindane tena na nyingine. Kwa muda mrefu kisha hapo, matajiri wa vilabu vya mashua hawakutaka kusikia habari za miili miwili.

Aliyeirudisha kwa watu wa kawaida ni Mwingereza James Wharram, mzaliwa wa Manchester, aliyefariki mwaka 2021. Katikati ya miaka ya 1950 alijenga Tangaroa, katamarani ya mita 7 na kidogo, kwa feza chache sana, akavuka nayo Atlantiki mpaka Trinidad pamoja na wanawake wawili Wajerumani. Huko Trinidad wakajenga nyingine ya mita 12, Rongo, na mwaka 1959 wakavuka nayo Atlantiki ya kaskazini kutoka New York mpaka Ireland. Kisha hapo Wharram aliuza michoro kwa watu waliotaka kujijengea wenyewe: walimu, mafundi, wafanyakazi wa viwanda. Maelfu ya michoro yake yalisambaa duniani. Moja kati ya mashua hizo, yenye mita 6 na nusu tu, ilizunguka dunia nzima katika miaka ya 1990 ikiwa na Mwingereza Rory McDougall.

Wharram aliunganisha miili miwili kwa kufunga miti kwa kamba, sawa watu wa Polinezia walivyofanya. Kamba inalegea kidogo wimbi linapopiga, na mashua haivunjiki kwenye viungo. Mvuvi wa ziwa Kivu akisikia maelezo hayo hatashangaa. Ekipe za sambaza zinazotoka jioni Goma, Bukavu ao Idjwi ni mitumbwi mitatu iliyofungwa sambamba kwa miti mirefu, na wavu unashuka kati yao chini ya mwangaza wa taa. Sambaza wenyewe walitolewa ziwa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Upande wa Uvira na Burundi, wavuvi wa ndakala hutumia mitumbwi miwili iliyounganishwa, na jina la katamarani limekwisha kuzoeleka kwao. Kwenye pwani ya Tanzania na Kenya, ngalawa nayo hupata utulivu wake kwa miti inayotoka pembeni.

Kwa hiyo akili hii iko tayari kwenye maziwa haya. Kinachokosekana ni kuitoa kwenye uvuvi na kuileta kwenye usafiri wa watu, pamoja na hesabu zake zote.

Kwa nini nyepesi inakimbia

Mashua nene inayosukuma maji hutengeneza wimbi mbele na wimbi nyuma. Kadiri inavyoongeza mwendo, mawimbi hayo yanarefuka, mpaka mashua inakaa kama ndani ya shimo kati ya wimbi na wimbi. Hapo ukiongeza motere, unaunguza mazutu na unapiga kelele, lakini mwendo hauongezeki sana. Kwa mashua ya mita 10, ukuta huo unafika karibu kilomita 14 kwa saa.

Kuna njia mbili za kuupita ukuta huo. Ya kwanza ni motere yenye nguvu nyingi inayoinua mashua juu ya maji, kama canot rapide za Goma na Bukavu. Njia hiyo inakula mafuta bila huruma, na bei ya tikiti inaonyesha. Ya pili ni kufanya mwili wa mashua uwe mwembamba sana, ukate maji kama kisu badala ya kuyasukuma kama jembe. Wachoraji wa katamarani nyepesi wanataka urefu wa kila mwili uwe mara 8 mpaka 12 ya upana wake pale unapogusa maji. Mwili mwembamba namna hiyo unatengeneza wimbi dogo, na ukuta ule karibu haupo.

Mwili mmoja mwembamba hivyo ungepinduka mara moja. Ndiyo maana inawekwa miwili, mbali kidogo mmoja na mwenzake. Katamarani nyepesi ya mita 10 inaweza kusukumwa na motere mbili ndogo za nguvu ya farasi 10 kila moja, na ikatembea vizuri. Ikiwa na tanga na upepo mzuri, katamarani nyepesi za kusafiria za mita 12 hivi zinaweza kupita kilomita 370 kwa saa 24. Kutoka Goma mpaka Bukavu ni karibu kilomita 100.

Lakini yote hayo yanasimama juu ya neno moja: wepesi. Mashua ikizidi uzito, miili inazama zaidi, maji mengi zaidi yanasukumwa, na mwendo unakufa. Sakafu inayounganisha miili inakaribia maji, na kila wimbi linaipiga kutoka chini kama nyundo. Zaidi ya hayo, uzito unazaa uzito. Mashua ikiwa nzito inahitaji tanga kubwa ao motere kubwa. Motere kubwa inahitaji mafuta mengi na mbao nene za kuishikilia. Mbao nene zinaongeza uzito, na mzunguko unaanza tena. Mchoraji mzuri anaukata mzunguko huo mapema, kwenye karatasi, wakati kukataa hakujagharimu kitu.

Ndiyo kazi ngumu ya ufundi huu. Kujenga nyepesi bila kujenga dhaifu kunataka akili. Fundi anajua kwamba ubao ukizidishwa unene mara mbili, unakuwa mgumu kupinda mara nane. Kwa hiyo anachukua tabaka mbili nyembamba na ngumu, anaweka kati yao kitu chepesi kama povu gumu ao mbao laini, na anapata unene bila uzito. Asiye na feza ya vifaa hivyo anatumia tripleksi nzuri na gundi ya epoksi, sawa Wharram alivyowafundisha wateja wake, na kila chumba ndani ya mwili wa mashua kinakuwa sanduku linaloishikilia mashua nzima. Anaweka nguvu pale penye mvuto mkubwa, yaani kwenye viungo vya miti na miili, na anaipunguza kwingine kote.

Mafundi wa chukudu mjini Goma wanaielewa hesabu hii kwa mikono yao. Chukudu haina chuma nyingi wala motere, na inabeba mamia ya kilo kwa sababu mbao imewekwa pale inapofaa. Fundi wa namna hiyo akipewa mchoro sahihi wa mashua, hawezi kushindwa kuusoma.

Hesabu inayouma

Hapa ndipo wauzaji wa mashua huwa hawasemi yote. Mwili mwembamba una deni lake: unazama haraka unapoongezewa mzigo.

Chukua mashua ya kawaida ya mita 10 yenye upana wa mita 3 pale inapogusa maji. Kwa sababu mbele na nyuma zimechongoka, eneo inalolifunika juu ya maji ni kama mita za mraba 22. Kila sentimita moja ikizama, inasukuma litra 220 za maji, kwa hiyo inaweza kubeba kilo 220 zaidi. Sasa chukua katamarani ya urefu huo huo, kila mwili ukiwa na upana wa mita 1. Miili miwili pamoja inafunika kama mita za mraba 14. Kila sentimita ni kilo 140 tu. Mifuko 14 ya kilo 100 itaizamisha sentimita 10. Mashua ile nene, kwa mifuko hiyo hiyo, itazama sentimita 6 na nusu.

Mtu atasema: basi hiyo nene ni bora. Ni bora kwa kubeba mifuko, hilo ni kweli. Kwa kubeba watu, kuna hesabu ya pili inayopaswa kuwekwa kando ya hiyo ya kwanza. Katamarani hiyo, ikiwa miili yake imeachana mita 4 toka katikati mpaka katikati, inakataa kuinama mara tatu mpaka nne zaidi ya mashua nene yenye uzito sawa. Watu 30 wakikimbilia upande mmoja ili waone bandari, ao kwa sababu mtu amepiga kelele, mashua nene inalala. Katamarani iliyopakiwa sawasawa inainama kidogo na kusimama.

Tena, mashua ya miili miwili iliyojengwa kwa mbao ao kwa povu gumu, bila chuma nzito chini, na yenye vyumba vilivyofungwa ndani ya kila mwili, haiendi chini hata ikijaa maji. Inabaki juu kama meza iliyopinduliwa. Kwa abiria asiyejua kuogelea, katika ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 470, kitu cha kushika ni tofauti kati ya kurudi nyumbani na kutorudi.

Kwa hiyo uchaguzi uko wazi. Kuna mashua inayovumilia mifuko mingi lakini inawasaliti watu siku wanapohama upande mmoja. Kuna nyingine inayowalinda watu lakini haitaki mifuko. Ziwa Kivu limekuwa likitumia ile ya kwanza kwa kazi zote mbili kwa wakati mmoja, watu juu ya mifuko, na mifuko juu ya watu.

Majibu kwa wanaopinga

Wengine watasema katamarani nazo hupinduka, na ikipinduka hairudi. Ni kweli. Mashua ya tanga yenye chuma chini inaweza kujiinua. Ya miili miwili, ikigeuka kabisa, inabaki imegeuka. Kwa wanaosafiri kwa tanga dawa yake ni kupunguza tanga mapema, mbele ya upepo kukaza. Kwa mashua ya motere kwenye ziwa, hatari hiyo ni ndogo mradi upana uwe wa kutosha na uzito ukae chini. Mashua ya ghorofa, yenye watu juu ya paa, inaondoa faida hiyo yote, hata ingekuwa na miili mitatu.

Wengine watasema ni vitu vya matajiri. Ni kweli kwamba kule Ulaya kuna katamarani za bei kubwa kuliko nyumba kadhaa za Himbi. Lakini hata huko ugonjwa ni ule ule. Katamarani za kukodishwa kwa watalii zimejazwa friji, mashine za hewa baridi, jenereta na vitanda vikubwa, mpaka moja ya mita 12 inafika tani 10 na zaidi, wakati nyepesi ya urefu huo inaweza kukaa karibu tani 6. Wachoraji wa mashua nyepesi, kama wale walioanzisha Outremer huko La Grande-Motte, Ufaransa, mwaka 1984, walijenga jina lao kwa kuukataa uzito huo. Tajiri anajaza starehe, mfanyabiashara wa Minova anajaza mihogo. Mashua haijui tofauti.

Neno zito zaidi ni la tatu: tikiti itapanda. Mwenye mashua anayekatazwa mifuko atatafuta feza yake kwa abiria, na abiria ni mama aliye na dola chache za mtaji. Hakuna sababu ya kulificha jambo hili. Lakini mwili mwembamba unatumia mafuta machache, na mafuta ndiyo gharama kubwa ya kila safari. Sehemu ya hasara itarudi hapo. Mifuko nayo haitaachwa ufukoni: itapanda mashua ya mizigo, nene na ya polepole, yenye mabaharia wachache na isiyo na abiria. Leo mama anasafiri na mfuko wake kwa sababu hamwamini mtu mwingine kuuchunga. Hapo ndipo kazi ya ushirika wa wafanyabiashara inapoanza: risiti ya kila mfuko, jina la mwenyewe, na mtu wa kujibu ukipotea. Kazi hiyo haihitaji teknolojia yoyote. Inahitaji uaminifu, na uaminifu hujengwa kwa karatasi na kwa adhabu.

Mstari juu ya mwili wa mashua

Mwaka ule ule wa 1876 ambapo Amaryllis ilishinda New York, bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyotokana na vita virefu vya mbunge Samuel Plimsoll. Wakati ule wenye meli walikuwa wakipakia meli chakavu kupita kiasi, na mabaharia walikufa kwa wingi. Sheria ililazimisha kila meli ichorwe mstari pembeni: maji yakifika hapo, kupakia kunakoma. Lakini sheria ilikuwa na tundu. Ilimwacha mwenye meli achague mwenyewe mahali pa kuuchora. Ikachukua mpaka mwaka 1890 ndipo sheria nyingine ikaamuru kwamba mahali hapo pasiamuliwe tena na mwenye meli.

Miaka 14 hiyo ni somo kwa viongozi wa bandari za Kivu na Tanganyika. Sheria iliyopo kwenye karatasi huku mwenye feza akiachiwa kushika burashi haiokoe mtu. Katamarani mpya, hata ikiletwa na shirika lenye nia njema, ikikabidhiwa bandari isiyo na mstari itapakiwa kama mashua nyingine zote. Na kwa sababu ni nyembamba, itateseka haraka kuliko zote. Watu watasema: mmeona, hizo za kisasa nazo zinazama.

Kwa hiyo mambo yanapaswa kufuatana kwa utaratibu. La kwanza ni mstari, uchorwe na mkaguzi kufuatana na mchoro wa mashua, kwa rangi inayoonekana toka ufukoni, pande zote, mbele na nyuma. Msafiri asiyejua kusoma ataweza kuuona. Akiona maji yameufunika, ana haki ya kushuka na kurudishiwa feza yake. Mkaguzi anaweza kupewa kitu kidogo mkononi afumbe macho. Mstari hauna mkono.

La pili ni mizani pale pale bandarini, na kuhesabu watu wanapopanda, siyo kisha kufika. La tatu ni kutenganisha abiria na mizigo mikubwa. La nne, kisha hayo matatu kushika, ndipo ije mashua yenyewe: michache ya majaribio, ya mita 10 mpaka 12, miili miwili, ya tripleksi na epoksi, yenye vyumba vilivyofungwa na sakafu ya chini isiyo na ghorofa. Vyuo vya ufundi vya Goma, Bukavu na Uvira vina wanafunzi wanaojua hesabu. Fukwe zina mafundi wanaojua mbao. Wakikutanishwa, hakuna sababu ya kuagiza kutoka mbali kitu ambacho mvuvi wa sambaza amekwisha kukifunga nusu yake kwa kamba.

Swali la nani ataamuru haya lina uchungu wake. Goma tangu Januari 2025 na Bukavu tangu Februari mwaka huo ziko mikononi mwa AFC/M23, wakati Kalemie iko chini ya serikali ya Kinshasa. Msafiri anaweza kupanda chini ya bendera moja, na mbele ya hapo, ajali ikitokea, kila upande ukasema ni kosa la mwingine. Lakini mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja kila mahali, chini ya utawala wowote. Anayekusanya kodi bandarini leo, awe nani, ndiye mwenye deni la mstari huo leo. Hawezi kuchukua feza ya abiria na kuwaachia wengine uhai wake.

Ufundi wa katamarani nyepesi unafundisha jambo moja tu kubwa, na wachoraji wake wanalirudilia kila siku mbele ya karatasi zao: kusema hapana mapema. Hapana kwa ubao unaozidi, hapana kwa tangi lisilohitajika, hapana kwa ghorofa inayopendeza macho. Mashua inayokimbia na kufika ni ile iliyokataliwa vitu vingi. Kwenye maziwa ya mashariki mwa Congo, hapana hiyo inapaswa kusemwa ufukoni, mfuko wa mwisho ukiwa bado begani mwa mbebaji. Ikichelewa kidogo tu, itasemwa na ziwa, na ziwa halijadiliani bei.